Mwanafunzi Asiyesema: Safari ya M.K. Gandhi kwenda Masomoni Uingereza, 1888

Utangulizi

Maisha ya Mohandas Karamchand Gandhi (1869–1948) yamekwisha kuandikwa mara nyingi na katika lugha nyingi, kiasi kwamba mtu anayetaka kuyaandika tena anawajibika kutoa sababu. Sababu ya makala haya ni ya kiisimu. Waandishi wengi wa wasifu wake huipita upesi siku aliyopanda meli kwenda masomoni, yaani tarehe 4 Septemba 1888, kwa kuwa wana haraka ya kumfikisha London, kisha Afrika ya Kusini, kisha kwenye mapambano ya uhuru wa India. Sisi tunapendelea kukaa hapo kidogo. Katika meli hiyo kijana wa miaka 18, ambaye alikuwa amefaulu mtihani wa kuingilia chuo kikuu kwa lugha ya Kiingereza, alitambua kwamba hawezi kumwuliza mhudumu ni chakula kipi kisichotiwa nyama.

Tunazo kumbukumbu mbili za safari hiyo, na zote mbili ni zake mwenyewe. Ya kwanza ni shajara aliyoanza kuiandika London mnamo Novemba 1888, wiki chache tu baada ya kufika. Shajara hiyo aliiandika kwa Kiingereza; nayo ilikuwa na kurasa mia moja na ishirini hivi, ambazo zimesalia kwetu sehemu ndogo tu za mwanzo. Ya pili ni tawasifu yake, iliyotoka kidogo kidogo katika gazeti la Navajivan kuanzia mwaka 1925 hadi 1929. Hii aliiandika kwa Kigujarati, akiwa mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, na Mahadev Desai ndiye aliyeitafsiri kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyekuwa akihangaika na Kiingereza alisimulia hangaiko lake kwa Kiingereza, na mtu mzima aliyekuwa ameimudu lugha hiyo kuliko Waingereza wengi akalisimulia kwa lugha ya mama yake. Jambo hili linastahili kuzingatiwa kabla hatujasoma hata mstari mmoja.

Kathiawar

Gandhi alizaliwa Porbandar, mji wa bandari katika rasi ya Kathiawar, pwani ya magharibi ya India, tarehe 2 Oktoba 1869. Baba yake, Karamchand, alikuwa diwani. Neno hili tusilichanganye na diwani wa halmashauri zetu. Huko maana yake ilikuwa waziri mkuu wa mtawala mdogo wa kienyeji. Mama yake, Putlibai, alikuwa mcha Mungu wa kufunga na kusali. Walikuwa watu wa tabaka la wafanyabiashara, wale ambao sisi watu wa pwani tumewajua kwa karne nyingi kwa jina la Wabanyani, na ambao hawali nyama. Familia ilihamia Rajkot, na huko ndiko alikosomea shule.

Habari za shule yake zinatuhusu sana. Hadi darasa la nne la sekondari masomo mengi yalifundishwa kwa Kigujarati. Kuanzia hapo Kiingereza kikawa lugha ya kufundishia. Gandhi anaeleza kwamba alipofika darasa hilo alijikuta haelewi kitu. Jometri, ambayo baadaye aliiona kuwa somo jepesi linalotaka akili ya kawaida tu, ilimlemea kwa sababu ilikuja ikiwa imevikwa lugha ngeni. Hakuwa mwanafunzi mjinga. Alikuwa na mizigo miwili, wa somo na wa lugha, na mwalimu aliuona mmoja tu. Msomaji aliyepata kufundisha kidato cha kwanza katika nchi yetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Aliozwa akiwa na miaka kumi na mitatu, kwa Kasturba, wa rika lake. Baba alifariki mwaka 1885. Mwishoni mwa mwaka 1887 Gandhi alifaulu mtihani wa kuingilia chuo kikuu, na mwanzoni mwa 1888 akajiunga na Chuo cha Samaldas huko Bhavnagar. Hakudumu. Wahadhiri wa chuo hicho walihesabiwa kuwa hodari, lakini yeye hakuweza kufuata mihadhara yao, wala haikumvutia. Baada ya muhula mmoja akarudi nyumbani.

Hapo ndipo alipoingia Mavji Dave, Mbrahmani mwenye hekima na rafiki mkubwa wa familia. Aliwashauri kwamba zama zimebadilika: kijana akimaliza shahada India kwa miaka minne au mitano atapata kazi ya mshahara mdogo, bali akienda Uingereza atarudi mwanasheria kamili kwa miaka mitatu, kwa gharama isiyozidi rupia elfu nne au tano. Tutambue kwamba kijana mwenyewe alitamani kusomea udaktari, lakini kaka yake, Lakshmidas, alikumbusha kwamba marehemu baba hakupenda watu wa nyumba yake wapasue maiti. Ikawa sheria.

Sentensi za kukariri na sentensi za moyoni

Fedha hazikuwapo. Gandhi alisafiri hadi Porbandar kumwomba ruhusa baba yake mdogo na kutafuta ufadhili wa dola. Alipanda gari la ng'ombe hadi Dhoraji na kutoka hapo akapanda ngamia, kwa mara ya kwanza maishani, ili aokoe siku moja. Msimamizi Mwingereza wa Porbandar alikuwa Frederick Lely. Gandhi alijiandaa kwa makini: alikariri sentensi chache, akainama kwa adabu na kumsalimu kwa mikono miwili. Lely, aliyekuwa akipanda ngazi, alimwambia kwa maneno machache kwamba amalize kwanza shahada ya India ndipo aje kuomba msaada, akaendelea kupanda. Sentensi zilizokaririwa hazikupata nafasi ya kutumika zote.

Tulitie akilini tukio hilo, kisha tulilinganishe na lingine lililotokea baada ya wiki chache huko Bombay.

Mama yake alikuwa amesikia kwamba vijana hupotea Uingereza, kwamba huko huwezi kuishi bila nyama na ulevi. Aliyemtuliza ni Becharji Swami, mtawa wa dini ya Kijaini aliyekuwa mshauri wa familia. Alimlisha kijana nadhiri tatu mbele ya mama: asiguse pombe, asiguse mwanamke, asiguse nyama. Hapo mama akaridhika. Shule yake ya zamani ilimfanyia hafla ya kumuaga. Alikuwa ameandika maneno machache ya shukrani, lakini aliposimama kuyasoma kichwa kilimzunguka, mwili ukatetemeka, na maneno yalitoka kwa kugugumia. Tarehe 10 Agosti aliondoka Rajkot. Shajara inasimulia kwamba mama alificha kwa kiganja macho yaliyojaa machozi, na kwamba mke wake, ambaye alikuwa na mtoto mchanga, alikuwa amekwisha kulia siku nyingi kabla. Gandhi alikwenda kumuaga akasimama mbele yake kimya kama sanamu.

Bombay ilimchelewesha. Marafiki walimweleza kaka yake kuwa bahari imechafuka. Sisi tunaoijua kusi hatuoni ajabu. Pepo hizohizo ndizo zilizokuwa zikifunga safari za majahazi kati ya pwani yetu na Kutch. Waliongeza kwamba meli moja ilikuwa imezama kwa tufani siku chache zilizopita. Kaka akarudi kazini Rajkot, akamwacha mdogo wake kwa rafiki, na fedha za safari akazikabidhi kwa shemeji yao.

Katika kungoja huko, watu wa tabaka lake waliokuwa Bombay walipata habari. Hakuna Mbanyani wa kundi lao, yaani Modh, aliyekuwa amevuka bahari kwenda Uingereza, na kuvuka bahari kulihesabiwa kuwa ni kujitia najisi. Mkutano mkuu uliitishwa naye akaitwa. Mkuu wa tabaka, ambaye alikuwa jamaa yao wa mbali na rafiki wa marehemu baba yake, alimwambia kwamba dini inakataza safari hiyo na kwamba huko mtu hana budi kula na kunywa na Wazungu. Gandhi alijibu. Alisema haoni kwamba safari ya masomo inapinga dini, kwamba amekwisha kumwapia mama yake mambo matatu wanayoyahofia, na kwamba kiapo hicho kitamlinda. Mzee alipomwuliza kama atadharau amri ya tabaka, alijibu kuwa hana la kufanya na kwamba tabaka lisiingilie jambo hilo. Mzee alikasirika na kutoa hukumu palepale: kuanzia siku hiyo kijana huyo ametengwa, na yeyote atakayemsaidia au kwenda kumsindikiza bandarini atatozwa faini ya rupia 1 na anna 4.

Tawasifu inakiri kwamba mwandishi mwenyewe alishangazwa na ujasiri huo. Nasi tunao wajibu wa kushangaa pamoja naye, kwa kuwa hapa ndipo lilipo jambo letu. Kijana aliyegugumia mbele ya wanafunzi wenzake, na ambaye mbele ya Lely alikuwa na sentensi za kukariri tu, alisimama mbele ya baraza zima la wazee waliokasirika na kujibu hoja kwa hoja. Baraza la Wabanyani wa Kathiawar liliendeshwa kwa Kigujarati. Hatusemi kwamba lugha peke yake ndiyo iliyomfungua kinywa, maana hafla ya Rajkot inatuzuia kusema hivyo. Haya ilikuwa sehemu ya hulka yake, nayo iliendelea kumsumbua kwa miaka mingi. Tunachosema ni kwamba alipokuwa na jambo la kutetea na lugha ya kulitetea, haya haikumshinda.

Shemeji aliyekuwa na fedha aliogopa hukumu, akakataa kuzitoa. Gandhi alikopa kwa rafiki wa familia, ambaye baadaye alilipwa na kaka yake. Ikajulikana kwamba wakili mmoja wa Junagadh, Tryambakrai Mazumdar, anaondoka kwa meli ya tarehe 4 Septemba. Rafiki zake walimkatia nafasi katika chumba kimoja na wakili huyo, aliyekuwa mtu mzima wa kujua dunia, wakamwomba amwangalie. Yakanunuliwa mavazi ya Kizungu. Tai, ambayo baadaye aliifurahia, siku hiyo ilimchukiza, na koti fupi aliliona kuwa halina heshima. Zikanunuliwa pia halua na matunda ya kutosha safari nzima. Ununuzi huo wa mwisho ndio uliokuja kumwokoa.

Ndani ya Clyde

Meli iliitwa Clyde, ya kampuni ya P&O. Iling'oa nanga Bombay siku ya Jumanne. Kengele ya chakula cha jioni ilipolia, abiria wa daraja la pili walielekea mezani. Gandhi alibaki. Alikula alichokuja nacho.

Sababu zake alizieleza kwa ukamilifu miaka thelathini na saba baadaye. Isipokuwa Mazumdar, karibu abiria wote wa daraja lake walikuwa Waingereza. Walipomsemesha aliwaelewa kwa taabu, na hata alipoelewa hakuweza kujibu, kwa kuwa alilazimika kuijenga kila sentensi kichwani kabla ya kuitoa. Na sentensi ilipokuwa tayari, mazungumzo yalikuwa yamekwisha kupita. Uma na kisu hakuvijua. Kuuliza ni chakula gani hakina nyama hakuthubutu. Basi hakula mezani hata mara moja. Alikula chumbani, kwa siku za mwanzo halua na matunda matupu. Mazumdar alizunguka kwenye sitaha akiongea na kila mtu, naye Gandhi alijificha mchana kutwa, akithubutu kutoka pale tu watu walipokuwa wachache.

Wanaisimu wa miaka ya 1960 na 1970 walibishana sana juu ya umilisi. Dell Hymes aliwakumbusha wenzake kwamba kuijua sarufi ya lugha si kuijua lugha. Mzungumzaji lazima ajue pia nani aseme nini, kwa nani, wakati gani na kwa namna gani. Mfano wa Gandhi ni mkali zaidi ya mifano mingi ya vitabuni. Sarufi alikuwa nayo, na cheti alikuwa nacho. Kilichokosekana ni swali la maneno machache kwa mtumishi, na kwa kukosekana kwake nadhiri aliyompa mama ingeweza kuvunjwa bila ya yeye kujua. Asingeuliza, angekula asichokijua. Na kuuliza hakuwezi. Akachagua njaa. Mwandishi wa makala haya amewaona katika vyumba vya semina wanafunzi wengi wenye alama nzuri za Kiingereza wakichagua njaa ya namna hiyohiyo.

Mazumdar alimshauri kwamba wakili anatakiwa kuwa na ulimi mrefu. Atumie kila nafasi kusema Kiingereza, asijali makosa, kwa kuwa makosa hayaepukiki kwa anayesema lugha ya kigeni. Ushauri ulikuwa mzuri, na haukufaa kitu. Hata hivyo shajara inaonyesha upande mwingine wa bwana huyo ambao wengi hawautaji. Usiku wa kwanza uleule alizungumza na kijana huyu kana kwamba wamejuana tangu zamani, akamkabidhi funguo zake, na tangu usiku huo Gandhi akamhesabu kuwa kaka yake mkubwa. Mbele ya mlango wa chumba hicho kilikuwapo Kiingereza. Ndani, udugu wa Kathiawar uliendelea. Pengine ndiyo maana hakurudi kwa meli iliyofuata.

Walipita Aden, Bahari ya Sham, Port Said, Brindisi, Malta, Gibraltar. Mwingereza mmoja mwenye moyo mwema alimchokoza azungumze, akamcheka kwa upole juu ya nyama: mambo yako mazuri hadi Bahari ya Sham, alimwambia, lakini katika Ghuba ya Biscay utabadili nia. Ghuba ya Biscay ilipita, nia haikubadilika.

Alishuka Uingereza mwishoni mwa Septemba, siku ya Jumamosi. Suti nyeusi aliyoivaa melini aliiweka, akavaa ya flaneli nyeupe aliyokuwa ameitunza kwa siku hiyo, akidhani kuwa nyeupe ndiyo ya heshima. Alikuwa peke yake mwenye nguo nyeupe katika nchi ambayo vuli ilikuwa imekwisha kuingia. Mizigo yote, pamoja na funguo, ilikuwa kwa wakala, na kesho yake ilikuwa Jumapili. Kwa hiyo fedheha ilidumu hadi Jumatatu. Katika Hoteli ya Victoria, London, Daktari Pranjivan Mehta alikuja kumwona jioni hiyohiyo. Gandhi aliichukua kofia yake ndefu na kuipapasa manyoya kinyumenyume. Daktari alimzuia, kisha akampa somo lake la kwanza la isimujamii: usiguse vitu vya watu, usiulize maswali kama tunavyouliza nyumbani tunapojuana mara ya kwanza, usiseme kwa sauti kubwa, usimwite kila mtu bwana kama tufanyavyo India, maana huko watumishi tu ndio wasemao hivyo. Kila kipengele ni cha matumizi ya lugha, na hakuna hata kimoja kilichokuwa katika mtihani. Usiku, katika chumba cha kupanga, alilia akimkumbuka mama.

Kilichofuata

Miaka mitatu ya London inajulikana. Alijiandikisha Inner Temple mnamo Novemba 1888. Akajaribu kuwa Mwingereza kwa kofia, dansi, fidla na masomo ya ufasaha wa kusema, kisha akayaacha. Mwaka 1889 rafiki wawili Waingereza walimwomba awasomee Bhagavad Gita. Aliona aibu kukiri kwamba hajawahi kuisoma, si kwa Kisanskriti wala kwa Kigujarati. Akaisoma nao mara ya kwanza katika tafsiri ya Kiingereza ya Edwin Arnold. Tarehe 10 Juni 1891 alikubaliwa kuwa mwanasheria. Tarehe 12 akapanda meli kurudi. Bandarini Bombay kaka yake alimpa habari aliyomficha kwa makusudi: mama alikuwa amekwisha kufariki. Nadhiri ilikuwa imetimizwa, na aliyekuwa akiingojea hakuwapo kupewa taarifa.

Mwaka 1893 alisafiri tena, safari hii kwenda Natal kuitumikia kampuni ya Dada Abdulla. Meli ilitia nanga Lamu, Mombasa na Unguja. Alikuwa amekwisha kuwa rafiki wa nahodha, wakicheza sataranji. Lamu alishuka, akafurahi kuwakuta makarani Wahindi katika posta na kuzungumza nao, akawaangalia wenyeji na maisha yao kwa hamu. Nusura aachwe kwa nguvu ya mkondo wa maji, akavutwa melini kwa kamba. Unguja alikaa siku nane au kumi akingoja meli nyingine. Hakuna tena habari za kujificha chumbani.

Lakini ukimya wa Clyde haukusahauliwa. Gazeti la Indian Opinion, lililoanzishwa Natal mwaka 1903, lilitoka kwa Kigujarati, Kihindi, Kitamil na Kiingereza. Mwaka 1916, katika ufunguzi wa Chuo Kikuu cha Kihindu cha Banaras, alitamka hadharani kuwa ni fedheha kulazimika kuwahutubia wananchi wake, katika mji wao mtakatifu, kwa lugha ya kigeni. Wapo wanaoyachukulia maoni yake juu ya lugha kuwa ni siasa ya uzalendo iliyokuja baadaye. Kwa maoni yetu yana mizizi katika jometri ya Rajkot na katika meza ile ya chakula ambayo hakuikalia.

Novemba 1909 alikuwa melini tena, akitoka Uingereza kurudi Afrika ya Kusini baada ya ujumbe ulioshindwa. Meli iliitwa Kildonan Castle. Kwa siku kumi, kuanzia tarehe 13 hadi 22, aliandika Hind Swaraj bila kupumzika, kwenye karatasi za meli yenyewe; mkono wa kulia ulipochoka aliandika kwa wa kushoto. Aliandika kwa Kigujarati. Serikali ya Bombay ilikipiga marufuku kitabu hicho mwezi Machi 1910, na mwezi huohuo akatoa tafsiri yake ya Kiingereza, aliyoifanya mwenyewe.